Majina ya ndege yanayofanana: tubadilishe namba kabla ya ajali

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Usemi huo huwafariji wafiwa, lakini mara nyingi pia huwaficha wale ambao wangeweza kuizuia ajali miezi mingi kabla haijatokea, wakiwa wameketi ofisini na kalamu mkononi.

Leo nataka tuzungumzie hatari moja ya angani ambayo huanzia kwenye kalamu hiyo. Ni ndege mbili kupewa majina yanayofanana, kisha zikajikuta hewani kwa wakati mmoja, zikizungumza na mwongoza ndege mmoja.

Msomaji anaweza kuuliza, jambo la marubani linaingiaje katika ukurasa wa wakulima na wafanyabiashara wadogo? Linaingia kwa sababu siku hizi mzigo wetu na roho zetu vinapita huko juu. Maua ya Naivasha hukatwa mchana, usiku yako ndani ya ndege na baada ya muda mfupi yako sokoni karibu na Amsterdam. Mfanyabiashara wa Kariakoo anapanda ndege kwenda Dubai au Guangzhou kufunga mzigo. Mkulima wa mpunga au mtama aliyevamiwa na kweleakwelea anaangalia juu akiomba ndege ya kunyunyizia dawa ifike. Wote hao wamekabidhi riziki yao kwa watu wawili wanaozungumza redioni bila kuonana.

Kwanza tuelewe ndege huitwaje. Kila ndege inapozungumza na mnara hujitaja kwa jina lake la redioni. Kwa ndege za mashirika ya abiria, kwa kawaida jina hilo ni neno la shirika likifuatwa na namba ya safari. Ndege za Air Tanzania hujiita "Tanzania", za Kenya Airways hujiita "Kenya", na za British Airways hujiita "Speedbird", kisha hufuata namba. Ndege ndogo, zikiwemo nyingi za watalii na za kunyunyizia dawa, hutumia herufi za usajili. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y na za Uganda 5X.

Marubani wote waliomo katika eneo moja la anga husikiliza masafa yale yale. Ni kama mnadani, ambapo dalali ni mmoja na wanunuzi ni wengi, isipokuwa hapa anayeruhusiwa kusema ni mmoja tu kwa wakati. Wawili wakibonyeza kitufe pamoja, sauti zao hugongana. Wanaosikiliza hupata mlio mkali tu, au humsikia mmoja na mwingine akapotea kabisa.

Tuchukue mfano wa shirika la kubuni, tuliite Tausi. Asubuhi moja lina ndege mbili zinazokaribia Dar es Salaam, Tausi 416 kutoka Mwanza na Tausi 461 kutoka Mbeya. Mwongoza ndege anaiambia Tausi 461 ishuke hadi futi 9,000. Rubani wa Tausi 416 amekuwa akisubiri kwa hamu kuambiwa ashuke. Anasikia "Tausi", anasikia nne, sita na moja, anajibu sawa na kuanza kushuka. Katika futi 10,000 chini yake inapita ndege ya tatu.

Katika mfano huo hakuna mlevi wala mzembe. Kuna masikio mawili ya binadamu yaliyosikia kile yalichokuwa yakikitarajia, na namba mbili ambazo hazikupaswa kuwekwa katika anga moja saa ile.

Sasa tutoke kwenye mfano twende kwenye tukio la kweli. Juni 2015, katika uwanja wa Midway mjini Chicago, Marekani, ndege mbili zilikuwa tayari kuruka kutoka njia mbili zinazokatana. Moja ilikuwa ya Delta, safari namba 1328. Nyingine ilikuwa ya Southwest, safari namba 3828. Mwongoza ndege aliiruhusu ile ya Southwest iruke. Rubani wa Delta alidhani ameitwa yeye, akajibu na kuanza kukimbiza ndege yake. Majibu ya ndege zote mbili yaligongana redioni, hivyo kosa halikusikika vizuri.

Kilichowaokoa ni macho ya mwongoza ndege. Aliona ndege mbili zikikimbia kuelekea makutano yale yale, akapiga kelele zisimame. Zilisimama, kila moja ikiwa takriban futi 2,000 kutoka kwenye makutano, yaani kama mita 600 hivi. Kwa ndege inayokimbia kutaka kuruka, umbali huo humalizwa kwa sekunde chache.

Jambo la kuzingatia zaidi katika tukio hilo ni kwamba marubani wale walikuwa wameonywa. Mwongoza ndege alikwishawaambia kuwa kuna majina yanayofanana na wawe waangalifu. Walisikia onyo hilo, na bado wakachanganya.

Marekani wana desturi ya kutamka namba za safari kwa mafungu, yaani kumi na tatu kisha ishirini na nane. Kila mmoja wetu aliyewahi kupatana bei kwa namba za Kiingereza anajua jinsi "thatini" na "thati" zinavyoleta ugomvi. Namba hizo mbili zilikaribiana mwanzo, na mwisho zilikuwa sawa kabisa. Kumwambia mtu awe makini hakukuzibadili.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama. Tunapenda sana dawa ya "watu wawe makini". Ni dawa rahisi kwa sababu haimgharimu aliyeiandika. Lakini umakini wa binadamu huchoka kama mwili unavyochoka. Mwongoza ndege aliyehudumia ndege kumi ndani ya saa moja, kwa lugha ambayo pengine si ya mama yake, na redio inakoroma, hawezi kuwa makini zaidi kwa sababu tu kuna waraka ukutani. Afadhali tumwondolee kitu kinachomchanganya.

Wachunguzi wa ajali wamekwisha kulisema hilo kwa namna yao. Tarehe 1 Februari 1991, jioni, katika uwanja wa Los Angeles, ndege ndogo ya SkyWest iliwekwa kwenye njia ya kurukia isubiri ruhusa. Mwongoza ndege akaichanganya na ndege nyingine ndogo ya shirika jingine, akaamini kuwa njia ni tupu, akairuhusu Boeing 737 ya USAir itue hapo hapo. Watu zaidi ya 30 walikufa, wakiwemo wote 12 waliokuwa katika ndege ndogo.

Huko tatizo halikuwa namba kufanana, lilikuwa ni kuichukua ndege moja kuwa ni nyingine. Lakini tazama uamuzi wa wachunguzi wa serikali ya Marekani. Hawakumtwika mwongoza ndege yule mzigo wote. Walisema uongozi wa mnara haukuweka utaratibu wa kumpa mtu kinga ya pili pale anapokosea, na kwamba mamlaka ya juu haikuusimamia uongozi huo ipasavyo.

Kinga zipo, tena baadhi ni za zamani na nzuri. Ya kwanza ni kurudia agizo. Rubani akipewa maelekezo hulazimika kuyarudia pamoja na jina la ndege yake, na mwongoza ndege husikiliza kama yamerudiwa sawa na aliyeyarudia ndiye mwenyewe. Kila anayetuma pesa kwa simu anaijua kanuni hii, maana kabla hazijaondoka simu humwonyesha jina la mpokeaji ili athibitishe. Asiyelisoma jina hilo ameitupa kinga aliyopewa bure.

Kinga ya pili ni matamshi. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, zinataka tarakimu za jina la ndege zitamkwe moja moja. Tisa ya Kiingereza hutamkwa "naina" badala ya "naini" ili isichanganywe na tano. Herufi nazo zina maneno yake: A ni Alpha, B ni Bravo, na kuendelea.

Kinga ya tatu ni kwamba jina la usajili halifupishwi hovyo. Rubani haruhusiwi kulikata jina lake mpaka kituo cha ardhini kiwe kimeanza kulikata. Rubani anayejikatia mwenyewe kwa sababu ana haraka huwa hajui kama hewani kuna mwenzake ambaye herufi zake za mwisho zinafanana na za kwake.

Kinga zote hizo ni muhimu, lakini zote hufanya kazi baada ya tatizo kuwa tayari hewani. Sauti za Midway ziligongana na kinga ya kurudia agizo ikafa pale pale. Mwaka 1977, huko Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia wakati wa ukungu na watu 583 wakafa. Miongoni mwa sababu ni maneno ya redioni yaliyotamkwa kwa wakati mmoja, hata maneno ambayo yangeleta wokovu yakafunikwa na mlio. Redio ni chombo kizuri, ila haifai kuwa ukuta wa mwisho.

Ukuta wa kwanza unatakiwa ujengwe pale namba zinapozaliwa, na namba hizo huzaliwa katika meza ya ratiba ya shirika la ndege. Mashirika mengi hupenda kuzipanga safari za njia moja kwa namba zinazofuatana, kwa kuwa ni rahisi kwa muuza tiketi na hupendeza kwenye tangazo. Mnara unapokea safari tatu za shirika moja zenye tarakimu mbili za kwanza zilizo sawa, zikipishana kwa dakika chache. Aliyezipanga yuko nyumbani, amelala.

Wenzetu wamekwisha kuanza kulishughulikia. Mwaka 2000 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilichapisha utafiti maalumu juu ya kuchanganywa kwa majina ya ndege. Baadaye shirika la EUROCONTROL, linaloratibu anga la Ulaya, likaanzisha huduma ya kuchambua ratiba za mashirika kabla ya msimu kuanza, kutafuta majina yatakayofanana katika anga moja kwa saa moja, ili yabadilishwe mapema. Kompyuta hufanya kazi hiyo bila kuchoka.

Najua jibu litakalotolewa na baadhi ya mashirika. Watasema namba ya safari ni sehemu ya biashara, iko kwenye tiketi, iko kwenye vipeperushi, wateja wameizoea. Hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu namba ya tiketi na jina la redioni si lazima viwe kitu kimoja. Ulaya ni jambo la kawaida abiria kuona namba ile ile aliyoizoea kwenye tiketi, wakati redioni ndege yake inaitwa kwa mchanganyiko wa namba na herufi.

Ugumu wa kweli upo, nao tuuseme. Kuna nchi ambazo kibali cha kupita angani hutolewa kwa jina lile lile lililoombwa, hivyo jina haliwezi kubadilishwa asubuhi ya safari. Pia herufi nyingi mno zinaweza kuufunga ulimi na kuleta mkanganyiko mpya. Lakini ugumu huo unatatuliwa kwa kupanga mapema, na kupanga mapema ndiko ninakokuomba tukudai.

Kuna la ziada kwetu Afrika Mashariki. Ndege za Midway zilikuwa za mashirika mawili tofauti. Delta peke yake isingeweza kuijua ratiba ya Southwest, wala Southwest ya Delta. Maana yake ni kwamba hata kila shirika likisafisha nyumba yake, bado anahitajika mtu wa kuutazama mtaa mzima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao yake Entebbe. Sioni kazi inayoufaa zaidi wakala kama huo kuliko kuzikusanya ratiba za nchi wanachama kila kabla ya msimu, kuzipitia na kusema: hizi mbili zinafanana, mmoja wenu abadilishe.

Jambo la pili liko mikononi mwa mamlaka za nchi, ikiwemo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kanuni za kimataifa zinamruhusu mwongoza ndege kuiagiza ndege ibadilishe jina lake kwa muda, pale anapoona kuwa majina yanayofanana yanaweza kuleta hatari. Ruhusa hiyo haigharimu hata shilingi moja. Mamlaka ziwape waongoza ndege moyo wa kuitumia, bila rubani au shirika kununa.

La tatu ni kupokea taarifa bila kumchapa mtoa taarifa. Rubani aliyejibu agizo la mwenzake, au mwongoza ndege aliyetaja namba siyo, ndiye mtu wa kwanza kujua ni majina gani yanasumbua. Akijua kwamba atakatwa mshahara au kusimamishwa kazi, atanyamaza. Atanyamaza na wa pili, na wa tatu, mpaka siku ambayo haitakuwa na wa kusimulia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa hauzibwi na mtu ambaye hajaonyeshwa ulipo.

Nani anayelipa tusipofanya hayo? Kabla hata ya kufika kwenye vifo, tunalipa kidogo kidogo. Ndege iliyokuwa itue inaambiwa ipae tena na kuzunguka, mafuta yanaungua. Mwongoza ndege anarudia agizo mara mbili au tatu wakati ndege nyingine zinasubiri zamu ya kusema. Ndege inachelewa, mzigo unaoharibika unaikosa ndege ya kuunganisha. Maua hayajui kusubiri, wala minofu ya samaki. Hasara ya namna hiyo haiandikwi popote kuwa imeletwa na namba mbili zinazofanana. Huandikwa "kuchelewa", na hatimaye huonekana kwenye bei anayolipwa mkulima.

Nasi chini hapa tuna la kujifunza, maana ugonjwa huu hauko angani peke yake. Nenda kwenye soko lolote kubwa la nafaka uone magunia yaliyoandikwa herufi mbili za jina la mwenye mali. Juma Musa ni JM, na Joseph Mushi ni JM. Yamepakiwa lori moja, yameshushwa usiku, na asubuhi watu wameshikana mashati. Msimamizi wa ghala anaambiwa awe makini. Mwezi unaofuata ni yale yale.

Mwenye akili hangoji umakini wa kuli aliyebeba magunia mia usiku kucha. Anabadilisha alama. Anaweka uzi mwekundu mdomoni mwa gunia, au anaandika jina la kijiji na namba ya simu badala ya herufi mbili. Chama cha ushirika kinachowapa wanachama namba za kuuzia mazao kinaweza kuzipitia na kuzitenganisha zile zinazokaribiana, hasa za ndugu wa ukoo mmoja wenye majina yale yale. Duka la pembejeo linaweza kuweka mbali chupa za dawa zinazofanana rangi, ya kuua magugu huku na ya kuua wadudu kule, kuliko kumwonya kijana wa kaunta kila asubuhi. Anayepokea oda kwa simu anaweza kuirudia oda yote kabla ya kukata: ni magunia kumi na tatu, si thelathini, ya mahindi meupe, kwa mama fulani wa Kibaigwa. Kuuliza si ujinga, na kurudia si kupoteza vocha.

Kila mara kanuni ni ile ile. Vitu viwili vinavyoweza kuchanganywa, siku moja vitachanganywa. Kazi ya mpangaji ni kuvitenganisha mapema, na kazi ya mtendaji ni kuthibitisha. Mpangaji akikwepa kazi yake, anamwachia mtendaji mzigo wa watu wawili, na mzigo ukianguka, mtendaji ndiye anayeitwa mzembe.

Ratiba za ndege duniani hubadilika mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Kila mara namba hupangwa upya, na kila mara ni nafasi ya kuzitenganisha zile zinazofanana kwa gharama ya karatasi na saa chache za kazi. Wabunge wetu wanaokaa kwenye kamati za miundombinu, vyama vya wakulima wanaosafirisha maua na mboga, na jumuiya za wafanyabiashara wana haki ya kuwauliza wakuu wa mashirika ya ndege na mamlaka swali moja fupi: kabla ya msimu huu kuanza, nani alizipitia namba, na zipi zilibadilishwa?

Mwenye jibu la swali hilo tumpongeze. Asiye nalo asije siku ya msiba kutuambia kwamba ajali haina kinga.